Sentinel-1 kwa kusaka maporomoko ya ardhi: kifaa kizuri sana, ila sio king'ora

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Ukitaka kujua ni mteremko gani unasogea polepole mwaka hadi mwaka, au mvua kubwa imepita, mawingu bado yametanda na unataka kujua ardhi imeporomoka wapi, basi data za rada za Sentinel-1 pamoja na zana za bure zilizojengwa juu yake nazipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Ukitaka kitu cha kukuamsha usiku kikwambie toka ndani mlima unashuka, nyota sifuri, na yeyote anayekuuzia kwa maneno hayo mkimbie. Yote yanayofuata ni kueleza kwa nini nne na sio tano, alafu pa kuanzia ni wapi, maana milango ni mingi na mingine inachosha bure.

Kwanza ujue unapewa nini. Sentinel-1 ni setilaiti za shirika la anga la Ulaya, ESA, chini ya mpango wa Copernicus. Ya kwanza, 1A, ilirushwa Aprili 2014, 1B ikafuata Aprili 2016, alafu Desemba 2021 hiyo 1B ikapata hitilafu ya umeme na haikuamka tena, kwa hiyo kwa karibu miaka mitatu watu wakabaki na jicho moja. Desemba 2024 ikapanda 1C, Novemba 2025 ikapanda 1D. Zinazunguka kilomita 693 hivi juu yetu, kila moja inarudi kwenye njia ileile baada ya siku 12, zikiwa mbili zinapokezana inakuwa siku 6. Hazipigi picha kama kamera, zinatuma mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.5 hivi na kusikiliza mwangwi, ndo maana usiku na mchana kwake ni sawa na mawingu hayazuii kitu. Kwa maporomoko hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana mengi huja na mvua na mvua huja na mawingu, yaani siku unayoihitaji picha ya kawaida ya setilaiti ndo siku utakayoletewa weupe mtupu. Na ni bure, unafungua akaunti unadaunlodi, basi.

Sasa kuna kitu kinachanganya wageni wengi na naona hata wanaoandika ripoti wanakipita juujuu: ndani ya hii pakiti moja kuna vifaa viwili tofauti kabisa. Kwa kila pikseli rada inarekodi nguvu ya mwangwi na fezi ya wimbi, yaani wimbi limerudi likiwa sehemu gani ya mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Nguvu ya mwangwi inategemea uso ukoje, kuna miti, kuna udongo mtupu, kuna maji, umekwaruzika au umelala. Fezi inategemea umbali kutoka setilaiti hadi ardhini, na hapo ndo utamu ulipo, kwa sababu ukichukua picha mbili za tarehe tofauti ukatoa fezi ya moja kwenye nyingine unapata tofauti ya umbali kwa sehemu ya wimbi, kumaanisha milimita hadi sentimita, kutoka angani! Picha hiyo ya tofauti inaitwa intaferogramu, inatoka na mikanda ya rangi kama petroli iliyomwagika kwenye maji, na kila mkanda mzima kwa Sentinel-1 ni sentimita 2.8 hivi za kusogea kuelekea setilaiti au kuikimbia, nusu ya urefu wa wimbi kwa vile wimbi linaenda na kurudi.

Kwa hiyo fezi ni ya miteremko inayotambaa. Nguvu ya mwangwi ni ya miteremko iliyokwisha kuanguka. Ukitumia fezi kutafuta poromoko lililotokea jana unapata kelele tupu, maana uso wote umevurugika na wimbi la leo halifanani na la wiki iliyopita, na ukitumia nguvu ya mwangwi kutafuta mteremko unaosogea sentimita mbili kwa mwaka hutaona chochote mpaka uzeeke. Nimeona mtu anaiponda rada eti haioni kitu, ukimuuliza alitumia ipi kwa kazi ipi, unakuta alivibadilisha.

Tuanze na fezi. Mlango ninaoupendekeza kwa mtu anayeanza ni HyP3, huduma ya mtandaoni ya kusindika picha za rada, ya kituo cha data cha Alaska Satellite Facility. Unaingia kwenye ukurasa wao wa kutafutia data unaoitwa Vertex, unachora eneo lako, unachagua picha mbili au unaiambia ikupangie mfululizo wa jozi, unatuma kazi na seva zao zinasaga kila kitu kuanzia kulinganisha picha mpaka kuifunua fezi, yaani kugeuza ile mikanda inayojirudia kuwa namba moja inayoendelea, wewe unakuja kuchukua faili ya ramani ya GeoTIFF unaifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. Hapo zamani hatua hizo ulizifanya mwenyewe kwenye kompyuta yako, na faili moja ya SLC ya Sentinel-1, ile aina ya picha inayobeba fezi, ni GB nne hivi hata zaidi, na unahitaji angalau mbili, kwa hiyo mtu mwenye bando dogo alikuwa ameshatolewa mchezoni kabla hajaanza. Hapa unadaunlodi matokeo tu. Kuna kiwango cha kazi unazoruhusiwa kwa mwezi ila kwa mtu wa kawaida kinatosha sana. Angalizo moja: matokeo hayakai pale milele, yanafutwa baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo ukituma kazi usiende likizo.

Chagua pikseli kwa akili. Ile bidhaa ya kawaida ya picha nzima inakuja na pikseli za mita 80 au 40, na mteremko wenye upana wa mita 200 kwenye pikseli za mita 80 ni pikseli mbili na nusu, hapo hata ukiona rangi huwezi kuapa ni nini. Sikuhizi kuna ile inayosindika vipande vidogo vya picha, wenyewe wanaita bursti, ambayo inashuka mpaka mita 20, hiyo ndo ya kwenda nayo kwa maporomoko. Ya mita 80 iache kwa wanaotazama matetemeko na volkano.

Kingine kinachopindua watu ni alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye faili ya fezi iliyofunuliwa, chanya maana yake ardhi inaikimbia setilaiti, ila kwenye faili ya mwendo kwa mita chanya maana yake inaisogelea. Zote mbili zinatoka kwenye folda moja! Imeandikwa kwenye maelezo yao lakini nani anasoma maelezo. Alafu kumbuka namba zote ni za kulinganisha na pointi fulani ya rejea, kwa hiyo usiziamini mpaka uchague mwenyewe sehemu imara karibu na mteremko wako, mwamba au majengo yaliyotulia, yenye koherensi kubwa (nitaieleza sasa hivi), uifanye hiyo ndo sifuri.

Koherensi ni ramani inayokuja pamoja na intaferogramu, inaenda kutoka 0 hadi 1, inakwambia picha mbili zinafanana kiasi gani. Ifungue hiyo KWANZA kabla ya zile rangi nzuri. Kwenye mawe, jangwa, mji, nyasi fupi zilizokauka utapata koherensi ya kueleweka. Kwenye msitu mnene utapata giza, maana wimbi la sentimita 5.5 linagonga majani na vitawi, na majani ya leo hayajakaa yalipokaa majani ya siku 12 zilizopita. Na miteremko mingi inayoporomoka iko wapi? Kwenye mvua nyingi, penye kijani kingi. Hiyo ndo nyota ya tano ilikopotelea, na hakuna ujanja wa programu utakaoirudisha yote, fizikia ni fizikia. Kuna njia za kutumia mfululizo mrefu wa picha na kuchambua zile pointi chache zinazobaki imara muda wote, mapaa ya nyumba, miamba, nguzo, mbinu iliyotoka kwa Ferretti, Prati na Rocca wa Italia mwaka 2001, na mjini inafanya maajabu, lakini kwenye mteremko usio na nyumba wala mwamba utabaki na pointi tatu na huzuni.

Alafu hewa. Mvuke wa maji angani unachelewesha wimbi, na kuchelewa huko kunaonekana sawasawa na ardhi kusogea. Mabadiliko ya unyevu wa hewa ya asilimia 20 kati ya tarehe mbili yanaweza kuzaa kosa la kufika sentimita 10, sasa fikiria wewe unatafuta sentimita mbili. Milimani ni mbaya zaidi kwa sababu hewa ya bondeni ni nene kuliko ya kileleni, kwa hiyo mlima mzima unaweza kuonekana unazama au unapanda na hakuna kilichotokea. Jinsi ninavyotenganisha: rangi zikifuata kontua za mlima mzima, hiyo ni hewa, poromoko lina mipaka mikali, linaishia ghafla pembeni kwenye ukingo wake na mara nyingi ukingo huo utauona hata kwenye picha ya kawaida. Kipimo kingine ni kuangalia jozi zinazochangia tarehe moja. Doa likionekana kwenye jozi zote zenye tarehe hiyo, na ishara yake inageuka pale tarehe hiyo inapokuwa ya kwanza badala ya ya pili, basi ni hewa ya siku hiyo, tupa picha hiyo endelea. Kuna huduma ya bure ya kusahihisha hewa inaitwa GACOS, inasaidia siku nyingine, siku nyingine inaharibu zaidi, jaribu uangalie kama kelele imepungua kabla ya kuibeba.

Jiometri nayo wageni hawaambiwi. Rada inatazama kwa pembeni, upande wa kulia wa njia yake, kwa Sentinel-1 pembe yake ardhini ni kati ya digrii 29 na 46. Ikipanda kutoka kusini kwenda kaskazini inatazama mashariki, ikishuka inatazama magharibi. Mteremko unaoikabili rada ukiwa mkali kuliko pembe hiyo, kilele kinarudisha mwangwi kabla ya tako la mlima na picha inajilalia juu yake yenyewe, pale hamna data hata uombe. Upande wa pili ukiwa mkali sana unaangukia kivulini. Kanuni ya haraka ni hii: mteremko unaotazama mashariki utafute kwenye njia ya kupanda, unaotazama magharibi kwenye njia ya kushuka. Na mteremko unaotazama kaskazini au kusini pole sana, rada haioni vizuri mwendo wa kuelekea huko, utaona ule wa kwenda chini tu, kwa hiyo namba itakayotoka ni ndogo kuliko ukweli. Mtu akikuletea ramani ya rada imeonyesha mteremko wa kusini umetulia, muulize kwanza rada ingewezaje kuuona ukisogea. Tena kuna maeneo mengi duniani ambayo Sentinel-1 hupigwa kwa njia moja tu, ama kupanda ama kushuka, angalia hilo kwenye Vertex kabla hujaahidi kazi kwa bosi.

Na kuna kikomo cha kasi. Kati ya picha mbili, pikseli moja ikisogea zaidi ya robo ya wimbi kuliko jirani yake, yaani sentimita 1.4, programu haiwezi tena kujua ni mkanda upi. Kwa siku 12 hiyo ni sentimita 42 hivi kwa mwaka, kwa siku 6 ni kama 84. Mteremko unaokwenda mita kadhaa kwa mwaka unatoka nje ya uwezo wa fezi ya Sentinel-1, unahitaji mbinu ya kufuatilia pikseli zenyewe zimehama wapi, ambayo ni butu zaidi, au setilaiti yenye picha kali zaidi. Mteremko wa Funu mjini Bukavu kwa mfano, ambao juu yake watu wamejenga nyumba kibao, watafiti waliuchambua kwa rada kali ya COSMO-SkyMed ya Italia wakachanganya na picha za zamani za ndege, na ikaonekana ujenzi wenyewe umechangia kuongeza mwendo wake. Utafiti wa aina hiyo ndo unaonifanya niiheshimu hii teknolojia, maana hapo hutoki na rangi tu, unatoka na sababu.

Nije kwenye kifaa cha pili, kile cha baada ya tukio. Hapa kwangu mshindi ni Google Earth Engine, jukwaa la Google la kuchambua picha za setilaiti mtandaoni, na sababu ni ya kivivu: picha za GRD za Sentinel-1, zile za nguvu ya mwangwi bila fezi, ziko mlemle tayari, hudaunlodi hata moja, unaandika kodi mistari michache kwenye brauza. SLC hazimo kwa hiyo usitegemee fezi, ni nguvu ya mwangwi tu, kwa pikseli za mita 10. Unachofanya, unachukua rundo la picha za kabla ya tukio unatafuta wastani au thamani ya katikati, unachukua rundo la baada, unatoa moja kwenye nyingine kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mwangwi, unaficha sehemu tambarare kwa kutumia modeli ya mwinuko, unabaki na madoa milimani. Kwa nini rundo na sio picha mojamoja? Kwa sababu picha moja ya rada ina chengachenga za asili zinazofanya kila kitu kionekane kimebadilika, ukizijumlisha nyingi zinapoa. Hapa kuna biashara ya muda: ukitaka jibu la haraka unakuwa na picha moja au mbili tu za baada na ramani inakuwa chafu, ukisubiri mwezi inakuwa safi ila waokoaji walishaondoka zamani. Suluhisho zuri la kati ni kuacha kuhangaika na mpaka wa kila poromoko na kutoa ramani ya msongamano, yaani eneo hili madoa yamejaa na lile hayana, ambayo kwa timu inayotaka kujua ielekee bonde gani inatosha kabisa.

Tetemeko la Hokkaido, Japani, la Septemba 6, 2018 ndo mtihani wa kujifunzia ninaowapa watu. Liliangusha maelfu ya maporomoko kwenye vilima vyenye misitu, tabaka la majivu ya volkano liliteleza lote likabeba miti, kwa hiyo kabla ni msitu na baada ni udongo mtupu, mabadiliko makubwa, eneo dogo, rahisi kuyaona. Ukifanikiwa pale usijivune bado. Jaribu sehemu ambayo kabla palikuwa na nyasi na baada pana udongo, utaona ugumu. Na usitegemee doa liwe na rangi moja, poromoko linaweza kung'aa zaidi kwa sababu udongo na mawe vimekwaruzika, au kufifia kwa sababu miti imeondoka, inategemea pembe na polaraizesheni, yaani wimbi linatetemeka wima au limelala, kwa hiyo angalia VV (limetumwa wima likapokelewa wima) na VH (limetumwa wima likapokelewa limelala) zote. Vinavyodanganya ni mto uliofurika, shamba lililolimwa, udongo uliolowa na theluji. Poromoko dogo la mita 20 kwa 30 sahau, hizo ni pikseli sita, zinamezwa na chengachenga.

SNAP ya ESA nimpe sentensi chache. Ni programu ya bure ya kusindika kila kitu mwenyewe kwenye kompyuta, ina vitufe na menyu, kwa kujifunza hatua moja baada ya nyingine hakuna kama hiyo, unaona kabisa picha inaharibikia wapi. Kwa kazi ya kila siku ni nzito, chini ya GB 16 za RAM utakunywa maji ya kusubiri, na kufunua fezi bado unatoka nje yake kwenda programu nyingine ya snaphu alafu unarudi. MintPy ndo ninayoipenda baada ya HyP3, inachukua lile rundo la intaferogramu na kukutengenezea mfululizo wa mwendo kwa wakati, ni Python, kwa hiyo kama mstari wa amri unakutisha tafuta rafiki. Kwa wenye miteremko Ulaya kuna European Ground Motion Service, mwendo umeshahesabiwa tayari, unabofya pointi unaona grafu, bure. Nje ya Ulaya haikuhusu, na hata ndani msituni ni tupu.

Huduma za kulipia nazo nimezigusa, na sitataja jina. Kampuni moja ilituletea ramani nzuri mno, nyekundu na kijani, mteremko mmoja umepigwa nyekundu tii. Tukaomba ramani ya koherensi na tarehe za picha, ikawa kizungumkuti. Zilipokuja, ile nyekundu ilikuwa imekaa palepale picha inapojilalia kwa jiometri, data hamna, programu ilijaza tu pengo kwa kukisia. Sisemi kampuni zote ziko hivyo, zipo setilaiti za kibiashara zenye picha kali za mita moja na chini ya hapo na zinaweza kurudi haraka kuliko Sentinel-1, kwa dharura kubwa au kwa bwawa na barabara kuu zinastahili hela yake. Ila usilipie bila kudai vitu vitatu, koherensi, ramani ya sehemu zisizoonekana na pointi ya rejea iko wapi. Asiyekuwa navyo hajafanya kazi, kapaka rangi.

Turudi kwenye suala la onyo kwa sababu ndo linalouzwa sana. Juni 24, 2017 mlima ulishuka juu ya kijiji cha Xinmo, kaunti ya Maoxian, Sichuan nchini China. Watafiti walipochimbua picha za Sentinel-1 za kabla ya siku hiyo walikuta sehemu ya juu ilikuwa inasogea na mwendo uliongezeka wiki chache kabla ya kuanguka. Mwezi mmoja kabla, Mei 20, 2017, poromoko la Mud Creek lilifunika barabara kuu namba 1 ya California, nalo rada ilionyesha lilikuwa linatambaa kwa miaka, likaja kuachia baada ya ukame kufuatwa na mvua kubwa. Wauzaji wanapenda sana hizi mbili. Wasichokwambia ni kwamba zote zilisomwa baada ya tukio, na mtu akijua tayari pa kutazama kila kitu kinaonekana wazi. Tatizo la mbele ni tofauti: una miteremko elfu inayotambaa na karibu yote itaendelea kutambaa bila kuanguka, na picha yako inakuja kila siku 6 au 12, na mteremko unaweza kumaliza safari yake ndani ya saa chache za mvua. Poromoko la Slumgullion kule Colorado, Marekani, linatambaa kwa karne kadhaa sasa. Kwa upande mwingine maporomoko mepesi ya udongo yanayoua watu wengi wakati wa mvua mara nyingi hayatoi dalili yoyote ya kutambaa ambayo setilaiti ingeikuta.

Kwa onyo lenyewe kuna rada za ardhini zinazokaa mkabala na mteremko na kupima kila dakika chache, migodi inazitumia miaka mingi, kuna GPS, kuna vipima nyufa na vipima mvua. Kazi ya setilaiti ni kukupunguzia orodha, kutoka milima yote ya mkoa mpaka miteremko kumi ya kwenda kuwekea hivyo vifaa. Hiyo kazi inaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na kwa bure, maana hakuna timu inayoweza kutembea mkoa mzima ikipima milimita.

Mtu akiniuliza aanzie wapi kesho asubuhi namwambia chagua mteremko mmoja mkavu usio na msitu unaojulikana kusogea, tuma HyP3 jozi za siku 12 za msimu mmoja, angalia koherensi, jifunze kutofautisha hewa na ardhi pale, ndo uhamie kwenye mteremko wako mgumu. Wanaoanza na mteremko mgumu wengi huacha ndani ya wiki wakisema rada ni uongo.

Kwa wenye misitu, macho yako kwa NISAR, setilaiti ya pamoja ya NASA ya Marekani na ISRO ya India iliyorushwa Julai 30, 2025 kutoka Sriharikota, India. Wimbi lake la bendi ya L ni la sentimita 24 hivi, linapenya majani na kushika matawi makubwa na ardhi, inarudi kila siku 12 na data ni bure. Wajapani wamekuwa na bendi ya L kwa muda mrefu, ALOS-2 iko juu tangu 2014 na ALOS-4 ikapanda Julai 2024, na waliofanya kazi nayo kwenye misitu wanajua tofauti. Tatizo lilikuwa kuipata mara kwa mara na bila kulipia. Ila usitupe Sentinel-1: mkanda mmoja wa NISAR kwenye bendi ya L ni sentimita 12, kwa hiyo kwa mwamba mtupu unaosogea milimita chache kwa mwaka wimbi fupi bado ndo lina makali zaidi, na kumbukumbu ya picha tangu 2014 NISAR haina, itabidi usubiri ijijengee yake.